Sampuli ya Bi Zamoyoni

Klara alikuwa amechora mstari wa mkaa ubavuni mwa chupa, na kila asubuhi kabla ya kumkanda mumewe aliutazama mstari ule kama mtu anayechungulia kisima wakati wa kiangazi. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Alimimina kidogo kiganjani, akasugua viganja mpaka vikapata moto, ndipo akaanza pale anapoanza siku zote, chini ya bega la kushoto, akashuka taratibu mpaka kiunoni, mahali ambapo uti wa mgongo wa Mayala uliacha njia yake ukaenda upande.

"Ongeza," alisema Mayala, uso umezama kwenye mto.

"Nimeongeza."

"Hujaongeza, Mama Limi. Mimi ndiye mwenye mgongo."

"Na mimi ndiye mwenye chupa."

Mayala alicheka kwa pua, na Klara akamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana Mayala anayecheka asubuhi ni Mayala aliyelala usingizi. Tangu duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limwangukie kule machimboni Kharumwa, mwaka wa nne huu, hospitali walikuwa wamempa vidonge vya njano ambavyo vilituliza maumivu lakini vikamchoma tumbo mpaka akatapika damu. Daktari mwenyewe alimwambia aviache. Kilichomrudishia usingizi ni mafuta haya meusi yenye harufu ya moshi, yanayopikwa na Bi Zamoyoni hapo Tinde barabarani, nyuma ya duka lake la vitenge.

Na mafuta hayo yalikuwa yamepigwa marufuku. Mwezi wa nne gari la serikali lilisimama mbele ya duka, wakashuka maofisa wawili wenye glavu, wakabeba kila chupa waliyoiona. Hawakumtukana mtu. Walisema tu kwamba dawa hii haijasajiliwa, haijulikani ina nini ndani, na atakayeipika tena atashtakiwa. Bi Zamoyoni akasaini karatasi, akaenda kukaa ndani.

Asubuhi ile mlango ulibishwa kwa gongo. Alikuwa Mihayo, aliyekuwa dereva wa lori la pamba kabla ugonjwa wa sukari haujamkata mguu wa kulia.

"Hodi kwa wagonjwa!"

"Karibu, mgonjwa mwenzetu," Mayala alijibu bila kugeuka. "Mguu unasemaje?"

"Upi? Huu niliobaki nao hauna maneno. Ule niliouacha hospitali ndio unaouma. Usiku kucha unawaka kama umetiwa pilipili, nikipeleka mkono niushike, nashika shuka." Alikaa kwenye kigoda, akatoa daftari la shule lililojaa majina na alama za dole gumba za wino wa bluu. "Mia mbili na kumi na nne. Jumatatu tunakwenda Shinyanga. Tunataka serikali iipime dawa hii na kuikubali. Mayala, na wewe uende."

"Atakwendaje mtu asiyeweza kukaa?" Klara aliuliza.

"Ndiyo maana aende," alisema Mihayo. "Mimi nikiwaambia mguu usiokuwepo unauma, watanicheka. Yeye wakimtazama tu, wataelewa."

*

Jumatatu walifika Shinyanga kumi na mmoja, kwenye ofisi za mkoa. Karani wa mapokezi aliinua macho, akawahesabu kwa kidole, akasema, "Kaya maskini si hapa. Jengo la pili, mlango wa kijani."

"Sisi si kaya maskini," alisema Mariana, aliyekuwa amembeba mgongoni binti yake Noela. Noela alikuwa na miaka kumi na mmoja, miguu yake ilining'inia mpaka magotini mwa mama yake. Siku ile siko seli ilikuwa imemkamata kwenye nyonga na hakuweza kutembea. "Sisi tumekuja kwa ajili ya dawa."

"Dawa ni hospitali."

"Hospitali ndiko tulikotoka, mwanangu," alisema Mihayo.

Wakaambiwa wasubiri kwenye benchi. Mayala alijaribu kukaa, akasimama, akajaribu kuegemea ukuta, jasho likaanza kumtiririka mashavuni. Mwishowe akamtazama Klara, na Klara akajua. Alivua kitenge chake cha pili, akakitandaza kwenye sakafu ya korido, akamsaidia mumewe kulala kifudifudi hapo hapo, kati ya mlango wa choo na mlango wa uhasibu. Watu waliopita walimruka. Akaja mwanamke wa usafi na ndoo yake, akapiga deki kushoto, akapiga deki kulia, akasimama.

"Mzee, sogea kidogo."

"Ningeweza kusogea, ng'wanawane, mwanangu, nisingekuwa hapa."

Yule mwanamke akamzunguka na deki lake. Alipoondoka, palibaki pakavu panapolingana na Mayala, na pengine pote pakang'aa kwa maji. Klara alitazama pembeni, akashika rozari yake shingoni. Alikuwa ameivaa kwenye uzi mmoja na ufunguo wa sanduku, kwa kuwa ndiye aliyetunza michango ya jumuiya, na watu wa jumuiya walisema ufunguo ule hauendi popote bila Bikira Maria kuuona.

Saa saba wakaitwa. Ofisa alikuwa msichana mwenye miwani, jina lake Loveness, rika moja na Limi wao aliyeolewa Kahama. Alipoona kwamba Mayala hatakaa, alitoka nyuma ya meza yake, akavuta kiti mpaka mlangoni ili wote wamwone.

"Shikamoo wazazi."

"Marahaba," walijibu, na sauti zikalegea kidogo.

"Dada," Mihayo alianza, "hatudai hela, hatudai chakula. Tunadai mafuta yetu mliyoyabeba."

"Mimi sijasema hayafanyi kazi, baba. Nimesema sijui yana nini. Na ninyi pia hamjui."

"Tunajua yanachofanya!" Mariana alisema. "Huyu mtoto nikimpaka magotini na nyonga, analala. Nisipompaka, analia mpaka jirani anapiga ukuta. Unataka nijue nini kingine?"

"Nataka ujue yanafanya nini kwenye ini lake. Kwenye figo zake." Loveness alivua miwani, akaifuta. "Mama, mimi nilimwona mtoto aliyepewa dawa nzuri sana ya kienyeji. Maumivu yaliisha. Na figo zikaisha. Nilikuwapo."

Kutoka sakafuni Mayala akasema, "Sasa tufanyeje? Maana mimi hiki kigae chako nimeshakizoea."

Loveness alitabasamu, kisha akawaeleza kwa vidole. Bi Zamoyoni aandike kila anachotia, bila kuficha hata jani moja. Atapewa kibali cha kupika mara moja tu, sufuria moja, mbele ya mashahidi wawili. Zitolewe chupa tatu za sampuli, mtendaji wa kijiji azifunge kwa karatasi na muhuri, ziletwe. Maabara ikikuta hakuna sumu na hakuna kitu cha kiwandani, yeye mwenyewe ataandika barua mafuta yaruhusiwe kwa muda wakati vipimo vikubwa vinaendelea.

"Na isipopita?" Klara aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Isipopita, mama, mlango huo unafungwa. Sampuli ndiyo inayosema. Si mimi wala ninyi."

Njia nzima ya kurudi Mayala hakusema kitu. Klara alidhani ni maumivu.

*

Bi Zamoyoni alipika siku ya Jumapili, maana ndiyo siku ambayo Mihayo na Klara waliweza kuja kushuhudia, Klara akitoka misa ya kwanza. Alikuwa mama mfupi, mweupe wa nywele, mtandio umefungwa kisogoni. Kabla ya kuwasha moto alimpa Klara kalamu.

"Mimi macho yamechoka. Andika wewe nikutajie."

Alitaja mafuta ya ufuta. Alitaja tangawizi, na gome la mti ambao kila mtu anaufahamu. Kisha akakoroga sufuria tupu.

"Bado mmoja," alisema Mihayo.

"Najua bado mmoja." Aliwageuzia mgongo. "Mama mkwe wangu aliniapisha nao akiwa kitandani pa kufia. Kaniambia, huu mzizi umtajie binti yako tu, na usipozaa binti, uondoke nao. Sikuzaa binti." Akautaja jina lake kwa Kisukuma, polepole, sauti ikielekea ukutani. Klara aliandika kana kwamba anaandika siri ya kitubio.

Mafuta yalipopoa, Bi Zamoyoni alijaza chupa tatu. Kilichobaki chini ya sufuria alikikomba kwa kijiko, akakichuja kwenye chupa ya soda, ikajaa hadi shingoni.

"Hii ni ya kukomba sufuria, haimo kwenye kibali," alimwambia Klara. "Mpelekee Baba Limi. Akikuuliza mtu, mwambie nilikuwa nasafisha chombo."

Ofisi ya mtendaji ilikuwa imefungwa, Jumapili. Chupa tatu zilale wapi mpaka asubuhi zikapigwe muhuri? Mihayo hakufikiri hata mara moja. "Kwa Mama Limi. Hilo sanduku ndilo benki ya Tinde."

Klara alizifungia sandukuni. Ile ya kukomba sufuria aliiweka jikoni, nyuma ya debe la unga. Jua lilikuwa bado juu, alikuwa akianika michembe ya viazi vitamu uani, Mayala alipomwita kutoka ndani.

"Mama Limi, nipe ufunguo nitoe kadi yangu ya hospitali. Mihayo anasema kesho waiambatanishe."

"Ngoja nije nikutolee."

"Kila kitu unitolee? Kadi tu na yenyewe nitolewe?"

Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuinuliwa na kulazwa, na Klara akamwonea huruma. Alivua uzi shingoni, akampa ufunguo na rozari pamoja, akarudi kwenye michembe yake. Kuku walikuwa wameshaanza kuidonoa. Aliwafukuza, akaipanga tena, na baadaye akakumbuka kwamba alikuwa ameshangaa kidogo: mtu asiyeweza kuinama kufunga kiatu, kainamaje kwenye sanduku muda wote ule?

Asubuhi, mbele ya mtendaji, Bi Zamoyoni aliinua chupa moja kwenye mwanga.

"Mbona yana utandu?"

"Baridi," alisema Mayala haraka kutoka kwenye mkeka wake. "Mwezi wa sita huu. Hata mafuta ya kula yameganda leo."

Klara alimtazama mumewe. Mtendaji akagonga muhuri mara tatu.

*

Wiki zikaenda. Chupa ya mstari wa mkaa iliisha mwezi wa saba, Klara akafungua ile ya kukomba sufuria, akachora mstari mpya. Watu walimsimamisha sokoni wakamuuliza kama kuna habari. Mariana alikuja mara mbili kuomba kijiko kimoja cha Noela, na mara zote mbili Klara alimpa, na mara zote mbili Mayala alijua kwa kutazama chupa, akanuna mpaka jioni.

Mwezi wa nane Loveness alikuja mwenyewe. Ofisi ya mtendaji ilijaa, wengine wakasimama madirishani. Mayala aliletwa kwa mkokoteni, akalazwa juu ya mifuko ya pamba barazani. Loveness alisoma barua kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Sampuli zote tatu zimekutwa na dawa kali ya maumivu ya kiwandani, inayotolewa kwa cheti cha daktari, iliyochanganywa kwa makusudi. Maombi yamekataliwa. Mpishi afike polisi Jumatatu saa tatu kutoa maelezo.

Mihayo akainuka kwenye gongo lake.

"Bi Zamoyoni. Kumbe ni vidonge?"

"Wallahi Mihayo, si mimi. Ulikuwapo!"

"Nilikuwapo ndiyo. Niliona majani. Ulitia lini hivyo vidonge, nilipokwenda kukojoa?"

Mtu akacheka dirishani, kicheko kibaya. Mwingine akasema, "Ndiyo maana ana ghorofa." Bi Zamoyoni hakuwa na ghorofa, alikuwa na chumba kimoja na duka lililoezekwa kwa bati kuukuu.

"Mwanangu ana siko seli," Mariana alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko zote. "Daktari alinikataza vidonge vikali, kila wiki ananikataza. Na mimi nimempaka. Nikampaka na midomoni alipokuwa na vidonda. Kwa mkono wangu."

Bi Zamoyoni aligeuka akawatazama mmoja mmoja, watu ambao alikuwa amewakanda, aliowapa chupa bila malipo pamba ilipokosa bei. Macho yake yalipofika kwa Klara yalisimama.

"Wewe uliandika. Nilikutajia mzizi wa watu. Nao nilitaja uongo?"

"Hapana, Bi Zamoyoni," alisema Klara. Alitaka kusema zaidi. Aligeuka barazani, akamwona Mayala amelala juu ya pamba, macho ameyafumba kama mtu aliyelala, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa unacheza, na mguu ule haukuwahi kucheza usingizini.

*

Nyumbani hakuvua hata kitenge cha kutokea. Alifungua sanduku, akatoa kadi, vyeti, shela yake ya ndoa, akafika chini.

"Baba Limi, vile vidonge vya njano viko wapi?"

"Nilivitupa."

"Wapi?"

"Mtu akitupa kitu huwa anaandika wapi?"

Klara alisimama akazungusha macho chumbani. Ukutani zilining'inia gambuti za Mayala za machimboni, zile ambazo hakutaka ziuzwe. Alizitungua, akaigeuza moja, halafu ya pili. Maganda ya vidonge yakamwagika sakafuni, mepesi, ya njano, matupu, kama mbawa za kumbikumbi baada ya mvua.

Mayala hakukana. Alijivuta akalalia ubavu.

"Huko duarani," alisema, "mtu hapeleki sampuli kwa mnunuzi ikiwa na njaa. Jiwe ni lako, umelitoa mwenyewe, unajua lina mali. Lakini yeye atachukua kipande kimoja, akisage, akioshe. Kipande hicho kikiwa ndicho kimetoka upande mtupu, umekwisha, wewe na kundi lako. Kwa hiyo unailisha sampuli. Unatia unga kidogo wa jiwe lililokwisha kuonyesha dhahabu. Wote tulifanya. Haikuwa wizi. Unamsaidia aone kilichomo."

"Na humu kilichomo kilikuwa vidonge?"

"Yule binti alisema sampuli ndiyo inayosema. Nikawaza, mashine haina mgongo. Itajuaje kwamba mafuta yanatuliza? Nikadhani vikishayeyuka itaona utulivu, haitaona vidonge. Nilitaka ipite, Mama Limi. Nilitaka ipite tu."

Klara aliketi sakafuni kati ya maganda. Alitaka kumkasirikia, hasira ikatafuta pa kushika ikakosa. Alimkumbuka yeye mwenyewe akivua uzi shingoni, akimpa ufunguo na Mama Maria pamoja, ili tu amwache ajisikie mwanamume kwa dakika tano.

"Bi Zamoyoni anakwenda polisi Jumatatu."

"Najua."

"Ametaja mzizi wa marehemu."

"Najua, mayu, najua! Unadhani sikusikia walivyomcheka?" Akapumua kwa shida. "Lakini ukienda kusema, watanichukua mimi. Sakafu ya rumande ni simenti. Nani atanikanda kule?"

"Na nisiposema?"

Mayala alivuta shuka mpaka mabegani.

"Nisiposema, Jumapili nitapangaje foleni ya komunyo?"

"Mungu anaujua mgongo wangu."

"Na wa Bi Zamoyoni anaujua pia."

Nje jirani alikuwa anatwanga, mchi ukipanda na kushuka. Klara aliinuka akaenda jikoni, akarudi na ile chupa ya soda. Ilikuwa zaidi ya nusu. Aliiinua mlangoni kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa meusi na safi, hayana utandu hata chembe.

"Hii nayo uliilisha?"

Mayala alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Hiyo niilishe ya nini? Hiyo ni ya kwangu."

Ndipo wote wawili wakaelewa alichosema. Chupa ile ilitoka sufuria moja na zile tatu, siku moja, mkono mmoja. Mayala alinyoosha mkono, si kwa haraka, kama mtu anayemwomba mtoto amrudishie kisu.

"Mama Limi. Iweke chini."

Klara aliifunga kifuniko.

"Hiyo ndiyo ya mwisho. Hakuna nyingine Tanzania nzima. Unanisikia? Iweke."

"Nakusikia, Baba Limi," alisema. Akaifunga kwenye kitenge.

*

Ijumaa alikuwa Shinyanga kabla ofisi hazijafunguliwa. Karani hakumwuliza tena habari za kaya maskini. Loveness alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika, kisha akaichukua chupa, akainusa, akaiinamisha ikaacha ukungu mweusi kwenye kioo.

"Hii haikufungwa, mama. Haina muhuri. Mtu anaweza kusema umeipika jana."

"Bi Zamoyoni hapiki. Kila mtu anamchungulia."

"Mimi nakuamini. Maabara haiamini mtu." Aliiweka mezani. "Naweza kuomba waipime kwa kulinganisha na zile tatu. Ikikutwa ni ile ile isipokuwa vidonge, itamsaidia yeye asishtakiwe. Leo hii nitapiga simu polisi nao wasubiri majibu. Lakini maombi yamefungwa. Kuyafungua tena, sikuahidi. Mwaka, miaka miwili. Pengine kamwe."

"Naomba nimimine kidogo," Klara alisema. Alitoa kichupa cha dawa ya macho, kimeoshwa, kikavu. "Cha kifuniko tu. Cha kesho na kesho kutwa."

Loveness alitazama kichupa kile, akatazama ile chupa kubwa. Alikuwa mtu mwema, na ilimchukua muda.

"Vipimo ni vingi, mama. Ikipungua chini ya hapa, hawataipokea kabisa."

Klara alirudisha kichupa kwenye pochi.

"Sasa nakuandikia maelezo yako," alisema Loveness, akavuta karatasi. "Chupa zililala nyumbani kwako, sandukuni. Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Hapa shingoni."

"Aliyefungua akatia vidonge ni nani?"

Kwenye korido deki lilikuwa likipita, likigonga kuta.

"Mama, nyumbani mnaishi watu wangapi?"

"Wawili."

Kalamu ya Loveness ilisimama. Alikumbuka, Klara aliliona hilo usoni mwake, pale pakavu sakafuni palipolingana na mtu. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto wa nyumbani, "Kwa hiyo nimwandike yeye, au nikuandike wewe?"

"Andika wawili," alisema Klara. "Yeye alitia. Mimi nilitoa ufunguo, na asubuhi niliona utandu nikanyamaza. Usiandike mmoja."

Loveness aliandika. Alimsomea, Klara akaweka sahihi yake ya darasa la saba, herufi moja moja, bila kuruka hata moja.

"Mtaitwa," Loveness alisema. "Sijui lini."

*

Alipofika Tinde jua lilikuwa limeanza kulala juu ya mashamba ya pamba. Alipita dukani kwa Bi Zamoyoni. Lilikuwa limefungwa kwa ndani. Alisema alichokuja kusema akiwa nje ya mlango, akielekea kwenye ubao, na hakujua kama alisikika mpaka sauti ilipotoka ndani.

"Nimesikia. Nenda kamkande mumeo."

"Sina cha kumkandia, Bi Zamoyoni."

Hatua zikarudi nyuma, mbali na mlango.

Mayala alikuwa amelala kifudifudi, vile vile alivyomwacha. Shati alikuwa amejivua mwenyewe. Hilo peke yake lazima lilimchukua nusu saa. Maji aliyomwekea hakuyagusa. Klara alitundika kitenge, akanawa mikono, akaenda jikoni akachukua mafuta ya pamba ya kupikia. Alimimina kiganjani, akasugua mpaka yakapata moto, akaanza chini ya bega la kushoto.

Mayala alikaza mwili, akanusa.

"Haya yananuka maandazi."

"Ni mafuta ya pamba."

"Ile umewaachia?"

"Nimewaachia."

"Yote?"

"Yote."

Alishuka taratibu. Alipofika pale uti ulipoacha njia, Mayala alitoa sauti ambayo Klara alikuwa hajaisikia tangu mwaka jana, akauma mto. Klara hakuondoa mkono.

"Umenitaja?"

"Nimetutaja."

Mafuta yalibaki kati ya kiganja na ngozi, bila kuingia. Kisha Mayala akageuza uso wake upande wa ukuta, akasogeza mkono wake wa kulia, polepole, ili Klara apate nafasi ya kukaa vizuri zaidi.

"Ongeza," alisema.

Klara akaongeza.